Ununuzi wa lazima wa nyumba: rungu la umma limeporwa

Hakuna madaraka mazito ambayo serikali ya mtaa inaweza kukabidhiwa juu ya raia kama madaraka ya kununua nyumba yake kwa lazima. Kodi humpunguzia mtu mshahara, na faini humfundisha adabu, lakini mtu hurudi kwake jioni akalala. Ununuzi wa lazima humwondolea mtu paa, mlango, majirani, njia ya kwenda kazini na shule ya watoto wake kwa amri moja. Madaraka ya namna hiyo yapasa kuulizwa maswali makali kuliko madaraka mengine yote, na swali la kwanza ni hili: anatwaliwa nani, na anatwaliwa kwa faida ya nani?

Nchi ambayo halmashauri zake zimetumia madaraka haya kwa muda mrefu ni Uingereza. Historia yake ilianza mwaka 1875 na ingali inaendelea. Inafaa isomwe na watumishi na walimu wa Afrika Mashariki kwa sababu mbili. Kwanza, sheria za ardhi zilizorithiwa huku zilifumwa kwa nyuzi za Kiingereza. Pili, makosa yaliyotendwa Birmingham, London na Liverpool ni makosa ambayo halmashauri yoyote duniani inaweza kuyarudia, iwapo itasahau ilipewa rungu hilo kwa ajili gani.

Juu ya jambo hili kuna makundi mawili yanayopotosha. Kundi la kwanza hudai kwamba mali ya mtu binafsi ni takatifu, na kwamba halmashauri inayomnunua mtu bila ridhaa yake ni mwizi aliyevaa joho. Kundi la pili hudai kwamba maadamu sheria imefuatwa, mihuri imegongwa na fidia imelipwa, basi haki imetendeka. Makundi haya huonekana kama mahasimu, lakini yote mawili humtazama mwenye hati ya nyumba na kumsahau anayeishi ndani yake.

AMRI INAVYOFANYA KAZI

Kwa sheria za Uingereza, halmashauri inayotaka nyumba au mtaa mzima hutoa amri ya ununuzi wa lazima. Amri hiyo hutangazwa, na wenye nyumba pamoja na wapangaji wanaohusika hupelekewa taarifa. Mwenye pingamizi hulipeleka kwa waziri. Kwa kawaida waziri humteua mkaguzi, ambaye hufanya uchunguzi wa hadhara, husikiliza pande zote, kisha hutoa ushauri. Amri ikithibitishwa, nyumba hutwaliwa na bei hupangwa kwa thamani ya soko, na wasiopatana hupelekana kwenye baraza la ardhi. Halmashauri hutakiwa ionyeshe kwamba kuna sababu nzito ya manufaa ya umma.

Utaratibu huu katika karatasi ni mzuri. Lakini neno "umma" ni mfuko ambao kila mwenye nguvu hutia anachotaka. Kampuni ya kujenga majumba ya fahari husema inajenga kwa ajili ya umma. Mwenye maduka husema wanunuzi wake ni umma. Mbele ya mkaguzi, halmashauri huja na mawakili na wathamini. Kampuni inayongojea kiwanja huja na wake. Mama mpangaji huja na barua yake aliyoiandika kwa mkono. Hata fidia ina ngazi zake. Mwenye hati hulipwa thamani ya nyumba. Mpangaji aliyekaa mwaka mmoja au zaidi aweza kupata malipo ya kupoteza makao. Aliyekaa miezi michache katika chumba cha kukodi hana dai hilo la fidia, ingawa maisha yake yamevurugwa sawasawa na ya mwenzake.

MWANZO WAKE

Madaraka haya hayakubuniwa na wanamapinduzi. Sheria ya mwaka 1875 ililetwa bungeni na Richard Cross, waziri katika serikali ya kihafidhina ya Disraeli. Hali ya miji ya viwanda ilikuwa imefikia mahali ambapo hata matajiri waliogopa. Wafanyakazi walirundikana katika vyumba visivyo na hewa, maji wala vyoo vya kutosha, na kipindupindu hakikubagua kati ya mtaa wa mnyonge na mtaa wa bwana. Ikaonekana kwamba mwenye nyumba akiachiwa uhuru wake wote, atajenga kaburi na kulipangisha kwa wiki. Ndipo halmashauri zikapewa uwezo wa kununua maeneo machafu kwa lazima, kuyabomoa na kuyapanga upya.

Je, uwezo huo ulitumikaje? Mjini Birmingham, Meya Joseph Chamberlain aliutumia kununua vichochoro vya katikati ya mji. Badala yake ikakatwa barabara pana ya Corporation Street, yenye maduka ya fahari, ambayo ingali pale hadi leo. Mji ulipata sura na hazina ya halmashauri ilipata kodi ya viwanja. Wafanyakazi waliokuwa wakiishi katika vichochoro vile walisogea tu wakaenda kujazana katika vichochoro vingine. Tangu siku za mwanzo, basi, rungu lilitengenezwa kwa jina la mnyonge na likatua kichwani kwake.

Mfano wa London ni mkali zaidi kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Mashariki ya jiji hilo palikuwa na mtaa ulioitwa Old Nichol, wenye watu wapatao 5,700, uliojulikana kwa umaskini na vifo vya watoto. Miongoni mwa waliovuna kodi humo walikuwamo watu wa heshima, hata wajumbe wa baraza la mtaa lenyewe, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba nyumba ni safi. Halmashauri mpya ya London iliutwaa mtaa huo katika miaka ya 1890, ikaubomoa na kujenga badala yake makazi ya Boundary, majengo imara ya matofali mekundu yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1900. Ni kazi nzuri ambayo wasanifu wa majengo huisifu hadi leo. Lakini kumbukumbu zinataja kwamba katika maelfu wale wa Old Nichol, waliopata nyumba katika makazi mapya ni 11 tu. Kodi ilikuwa juu na masharti yalikuwa magumu, na waliohamia walikuwa mafundi, makarani na watu wenye kipato cha hakika. Kifusi cha vibanda vya maskini kilikusanywa katikati ya mtaa mpya kikafanywa kilima cha bustani, na wapangaji wapya walikaa juu yake wakapunga upepo.

Hapa ndipo kosa la wale wasemao kwamba sheria ikifuatwa haki imetendeka linapojitokeza wazi. Katika Old Nichol sheria ilifuatwa. Wenye nyumba walilipwa. Majengo yalikuwa bora. Kilichokosekana ni watu wenyewe, na bila wao mpango wote ulikuwa umetibu mtaa na kumwacha mgonjwa.

MIAKA AMBAYO SHERIA ILISIMAMA UPANDE WA MPANGAJI

Haikuwa hivyo siku zote, na wale wanaosema kwamba madaraka haya ni mabaya kwa maumbile yake wasikwepe ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, harakati za wafanyakazi zilipopata nguvu, sheria ilianza kubadilika. Sheria ya mwaka 1919 iliamua kwamba nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu, mwenyewe alipwe thamani ya kiwanja peke yake. Maana yake ni kwamba aliyekula kodi ya banda bovu kwa miaka thelathini hakuweza tena kuliuza banda hilo kwa umma kana kwamba ni jumba. Ubovu ulikuwa wake, na hasara ikawa yake.

Sheria ya mwaka 1930, iliyoletwa na Arthur Greenwood wa chama cha Labour, iliongeza jambo la busara zaidi. Ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri inayobomoa mitaa duni ilihesabiwa kwa idadi ya watu waliohamishwa na kupewa makazi mapya. Halmashauri haikupata ruzuku hiyo kwa kuhesabu vifusi. Kadiri familia ilivyokuwa kubwa, ndivyo ruzuku yake ilivyokuwa kubwa, kwa hiyo halmashauri haikuwa na sababu ya kumkimbia mama mwenye watoto sita. Kwa kanuni hiyo ndogo ya hesabu, sheria ilifunga nyumba na mtu pamoja. Mtaalamu yeyote wa fedha serikalini anajua kwamba idara hufuata pale fedha zinapoelekea. Greenwood alizielekeza fedha kwa mtu.

Ni kweli kwamba kazi iliyofuata haikukosa dosari. Katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili zilibomolewa nyumba zaidi ya milioni moja, na miongoni mwake zilikuwamo nyumba nzima ambazo zingeweza kukarabatiwa. Mitaa iliyojuana kwa vizazi ilitawanywa, na wengine waliingizwa katika maghorofa yaliyojengwa kwa haraka. Mwaka 1968 ghorofa la Ronan Point mashariki ya London liliporomoka upande mmoja kwa mlipuko wa gesi, miezi michache tu baada ya watu kuhamia. Lakini hata mkosoaji mkali hana budi kukiri kwamba katika kipindi hicho mamilioni ya wafanyakazi waliingia kwa mara ya kwanza katika nyumba zenye bafu, choo cha ndani na maji ya moto, na mwenye nyumba wao alikuwa halmashauri waliyoichagua wenyewe.

Katika miaka ya 1970 baadhi ya halmashauri zilikwenda mbali zaidi, zikanunua nyumba za kupanga zilizokuwa mikononi mwa walanguzi, bila kuzibomoa. Ulikuwa wakati wa kisa cha Centre Point, jengo refu la ofisi katikati ya London lililokamilika mwaka 1966 na kukaa tupu mwaka hadi mwaka huku thamani yake ikipanda. Halmashauri ya Camden ilitaka kuzitwaa fleti zilizokuwamo, na mwezi Januari 1974 waandamanaji walijitia ndani na kulikalia jengo hilo ili dunia ione aibu ya vyumba vitupu juu ya vichwa vya watu wasio na makao.

MATUMAINI YANAYOUZWA

Wenye ardhi hawakulala usingizi. Sheria ya mwaka 1947 ilikuwa imeamua kwamba ardhi inayotwaliwa ilipwe kwa thamani ya matumizi yake ya wakati huo: shamba lilipwe kama shamba. Serikali ya kihafidhina iliirudisha bei ya soko mwaka 1959, na sheria ya mwaka 1961 ikaiimarisha. Kwa njia hiyo ikaingia katika hesabu kitu kinachoitwa thamani ya matumaini.

Maana yake ni rahisi. Mtu ana kiwanja chenye ghala bovu. Leo thamani yake ni ndogo. Lakini anasema: huenda siku moja halmashauri ikaruhusu ghorofa kumi hapa, kwa hiyo nilipwe leo sehemu ya faida ya ghorofa hizo. Ni nani aliyeipandisha thamani hiyo? Ni umma, uliojenga reli, barabara, mabomba, shule na hospitali jirani na kiwanja. Umma huo huo ukitaka kununua kiwanja ili ujenge nyumba za watu wa kipato cha chini, unalipishwa jasho lake mwenyewe. Kupe anamuuzia ng'ombe damu yake.

Baada ya zaidi ya miaka sitini, Bunge la Uingereza liliona haya. Sheria ya mwaka 2023, ambayo katika kipengele hiki ilianza kutumika Aprili 2024, inaziruhusu halmashauri kuomba thamani ya matumaini iondolewe pale ardhi inapochukuliwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, afya au elimu. Ni hatua njema. Ajabu ni kwamba ilichukua vizazi viwili kukubali kwamba matumaini ya mlanguzi si mali.

HEYGATE: RUNGU LINAGEUKA

Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilitoa sheria iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Tangu hapo nyumba takriban milioni mbili zimeuzwa nchini England. Mpangaji mmoja mmoja alifurahi, na nani amlaumu? Lakini hazina ya nyumba za umma ilimomonyoka, halmashauri zilibanwa zisijenge nyingine za kutosha, na nyumba nyingi zilizouzwa zimeishia mikononi mwa wapangishaji binafsi. Wakati huo huo serikali kuu ilizikaba halmashauri kwa fedha. Halmashauri yenye ardhi katikati ya jiji lakini haina fedha ni kama yatima mwenye shamba la urithi: wachumba hawatakosa.

Ndipo likaja la Heygate. Makazi hayo ya halmashauri ya Southwark, kusini mwa mto Thames, yalikamilika mwaka 1974 yakiwa na nyumba zipatazo 1,200. Halmashauri iliamua kuyabomoa, na mwaka 2010 ilitia saini mkataba na Lendlease, kampuni ya Australia. Wapangaji waliondolewa kwanza. Wakabaki wachache ambao miaka ya nyuma walishawishiwa na serikali yao wenyewe kununua fleti zao ili wawe watu wa kujitegemea. Hao wakatolewa kwa amri ya ununuzi wa lazima, iliyothibitishwa mwaka 2013. Fidia waliyopewa ilikuwa bei ya fleti katika majengo yaliyoachwa yakachakaa na kukimbiwa. Haikutosha kununua nyumba nyingine hapo jirani, na wengi walisogezwa pembezoni mwa London na hata nje yake.

Katika eneo hilo ulipangwa ujenzi wa nyumba takriban 2,500. Katika mpango ulioidhinishwa mwaka 2013, nyumba za kodi ya kijamii, ile ambayo mfanyakazi wa kawaida huimudu, zilikuwa chini ya 100. Ardhi yote iliuzwa kwa kampuni kwa pauni milioni 50, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililingana na gharama za halmashauri za kuwahamisha watu. Na kuanzia mwaka 2010 halmashauri hiyo iliongozwa na chama kinachobeba jina la wafanyakazi! Yafaa msomaji ayapime mambo haya polepole. Madaraka yaliyobuniwa ili kumnunua kabaila anayepangisha banda yametumika kumnunua mfanyakazi, ili ardhi yake ikabidhiwe kampuni.

Katika makazi jirani ya Aylesbury jambo hilo hilo lilipingwa kwa nguvu. Mwaka 2016 waziri alikataa kuthibitisha amri ya halmashauri, akizingatia haki za wale waliokuwa wamenunua fleti zao. Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka uliofuata, lakini kwa kitambo kidogo ulidhihirisha kwamba raia wachache wasio na mali nyingi wanaweza kuifanya halmashauri ijieleze.

Kule kaskazini rungu lilitumika kwa kisingizio kingine. Mwaka 2002 serikali kuu ilianzisha mpango wa kufufua soko la nyumba katika maeneo tisa, Liverpool likiwamo. Hoja ilikuwa kwamba nyumba za zamani ni nyingi mno na bei zake ziko chini mno. Dawa ni kubomoa. Zilitumika zaidi ya pauni bilioni mbili hadi mpango ulipofutwa mwaka 2011. Mitaa mizima ilinunuliwa, ikazibwa madirisha kwa mabati, kisha ikaachwa ioze kwa kuwa fedha za kujenga upya zilikwisha. Mwaka 2013 halmashauri ya Liverpool ikaanza kuuza baadhi ya nyumba tupu kwa pauni moja kwa atakayezikarabati. Katika mitaa ya Granby wakazi waliokataa kuondoka walipanda maua, wakapaka rangi kuta na kuunda chama chao cha kumiliki ardhi kwa pamoja. Kazi ya ukarabati waliyoifanya na kikundi cha wasanifu cha Assemble ilipata tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2015. Nyumba zilizotajwa kuwa hazifai zilifaa. Kilichokuwa hakifai ni hesabu iliyomtazama mkazi kama kikwazo cha bei.

MAJIBU KWA WATETEZI

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba mitaa ya maskini inahitaji kuchanganywa na watu wa kipato cha juu ili ipate uhai. Ikiwa mchanganyiko ni dawa, kwa nini haujapelekwa kwenye mitaa ya matajiri? Hakuna halmashauri iliyotoa amri ya kununua majumba ya mabwanyenye wa Kensington ili ichanganye humo madereva wa mabasi na wauguzi. Mchanganyiko unaokwenda upande mmoja tu una jina lake la kale, nalo ni kufukuza.

Husema pia kwamba halmashauri haina fedha, na bila kampuni hakuna kitakachojengwa. Hoja hii ina uzito na isipuuzwe. Watumishi wa Southwark hawakuunyima mji wao fedha, walinyimwa. Lakini uhaba wa fedha unaeleza kwa nini mtu alikwenda kwa mkopeshaji; hauhalalishi kuweka rehani nyumba ya jirani. Tena iko njia isiyobomoa kitu. Mwaka 2024 England ilikuwa na nyumba zaidi ya 260,000 zilizokaa tupu kwa miezi sita au zaidi, huku kaya zaidi ya 120,000 zikiwekwa na halmashauri katika makazi ya muda, nyingine katika vyumba vya hoteli. Sheria ya nyumba ya mwaka 1985 inaipa halmashauri uwezo wa kununua kwa lazima nyumba tupu ili ikaliwe. Uwezo huo hutumiwa kwa woga na kwa nadra. Kwa familia iliyo ndani rungu huinuliwa haraka. Kwa nyumba isiyo na mtu mkono hutetemeka.

FUNZO LA MWAKA 1971

Wasomaji wa Tanzania wanao mfano wao wa kulinganisha. Aprili 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye kuishi peke yake katika jumba lake hakuguswa. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi ilikwisha rudisha gharama. Hilo lilikuwa tendo la serikali kuu wala si la halmashauri, na lilikuwa kali kuliko sheria yoyote ya Uingereza. Lakini lilikuwa na sifa moja iliyokosekana Heygate: mwenye jumba alibadilika, mpangaji hakuhama. Asubuhi iliyofuata mama aliamka katika chumba kile kile, na mtoto akaenda shule ile ile.

Ukweli unadai upande wa pili nao usemwe. Wengi wa waliotwaliwa majumba walikuwa wenye asili ya Asia, na miongoni mwao walikuwamo waliojenga jengo moja kwa akiba ya maisha yao yote. Wengi waliihama nchi. Yalikuwapo majumba yaliyorudishwa baada ya rufaa. Na miaka ilipopita, kuta zilipasuka na mabomba yalivuja bila mtu wa kuyaziba, mpaka mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kutwaa ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku. Halmashauri isiyojiandaa kutunza haistahili kutwaa, hata ikiwa nia yake ni safi kama maziwa.

VIPIMO VITATU

Kutokana na haya yote, afisa ardhi, mthamini, diwani na mkuu wa idara wanaoletewa mpango wa kununua nyumba za watu kwa lazima wana vipimo vitatu ambavyo havihitaji shahada ya uchumi.

Cha kwanza: mkazi aliyepo, awe na hati au awe mpangaji wa chumba, ametengewa nyumba gani, mtaa gani, kwa kodi gani, na lini? Jibu likiwa "ataangaliwa baadaye", mpango urudishwe. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Neno la haraka liliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa fidia inayokuja baada ya miaka humkuta mwenyewe amekwisha kopa, amekwisha tawanyika au amekwisha kufa.

Cha pili: ardhi ikishatwaliwa itakuwa ya nani? Ikiwa itabaki mikononi mwa umma, kuna mahali pa kuhoji na kusahihisha makosa. Ikiwa itapita mikononi mwa umma kama maji katika bomba na kuishia katika mfuko wa kampuni, basi halmashauri imekodishwa kama dalali, na muhuri wake umetumika kuvunja mlango ambao kampuni yenyewe isingethubutu kuugusa.

Cha tatu: je, hakuna nyumba tupu, kiwanja kilichofichwa na mlanguzi au jengo la kukarabati ambalo lingetosha kabla ya kumwamsha mtu usingizini? Amri ianze kwa wale wasioishi katika mali yao, ndipo ifike, ikibidi kabisa, kwa wale wanaoishi humo.

Walimu nao wana sehemu yao. Somo la uraia hufundisha kwamba Serikali ina haki ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma, na mwanafunzi huandika sentensi hiyo katika daftari akaihifadhi kwa mtihani. Afundishwe pia kuuliza umma huo ni nani, majina yao ni yapi, na baada ya sherehe ya kukata utepe wanalala wapi. Mwaka 1900 swali hilo lilikuwa na majibu 11 tu. Tangu wakati huo karne moja na robo imepita, na bado kuna halmashauri zinazohesabu nyumba zilizojengwa bila kuhesabu watu waliorudi.

Madaraka ya ununuzi wa lazima yabaki, tena yaimarishwe, maana bila hayo mlanguzi atazishinda halmashauri zote. Lakini yarudishwe kwa kazi yaliyozaliwa nayo: kumwondoa mnyonyaji juu ya mgongo wa mpangaji, na kumwacha mpangaji nyumbani kwake.